Baba yake babu, kitabu cha sala na rejista za kanisa la Norfolk: jibu kwa dada wa Tanga

Dada mmoja wa Tanga ameniuliza, nafupisha: baba yake babu alikuwa Mwingereza, alikuja Tanganyika baada ya vita vya kwanza akafanya kazi kwenye shamba la mkonge, akazaa na mama wa hapo hapo, akafa bila kurudi kwao. Kilichobaki ni kitabu chake cha sala, ndani kuna jina lake, mwaka 1893 na jina la kijiji kimoja cha Norfolk, kaunti (kama mkoa) ya mashariki mwa England, halafu na maneno ya wazee kwamba baba yake alikuwa seremala. Dada kaingia onlaini, kakuta watu wa jina hilo hilo la ukoo wamebatizwa kwenye kanisa la kijiji hicho mwaka 1721. Anauliza je hao ndo wazee wake, na je anaweza kurudi nyuma mpaka miaka ya 1500?

Dada yangu, hao wa 1721 kwa sasa ni watu wenye jina kama lake, basi. Inawezekana kabisa ni wazee wako, na inawezekana pia walihama kijiji na kizazi chao kikaishia Yorkshire au Marekani na hamna udugu wowote. Usiwaweke kwenye mti wa ukoo bado. Kati ya 1721 na 1893 kuna vizazi vitano au sita hivi, na kila kizazi lazima kishikwe kwa ushahidi wake, ukikosea kimoja tu wote walio juu yake ni wazee wa mtu mwingine. Nimefanya kazi hii ya nyaraka miaka mingi na naona watu wengi mno wanarukia karatasi kongwe kwa sababu inasisimua, wakati kazi yenyewe inaanzia kwa mtu wa mwisho unayemjua, unarudi nyuma hatua moja moja.

Kwa hiyo mtu wako wa 1893 humtafuti kanisani kwanza. Kuanzia tarehe 1 Julai 1837 serikali kwa England na Wales ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo yenyewe, na indeksi, yaani orodha ya majina, iko kwenye websaiti ya General Register Office, unafungua akaunti bure, unatafuta kwa jina na mwaka, na kwenye vizazi inakuonyesha mpaka jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Tafuta 1893 lakini usiache 1892 na 1894, watu wa zamani hawakuwa wanajua miaka yao vizuri kama tunavyodhani. Ukimpata agiza nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, ya dijitali ni pauni chache. Pale utaona jina la baba, kazi yake, jina la mama na mahali alipozaliwa. Kama kazi ya baba imeandikwa seremala na mahali ni kijiji kile kile cha kwenye kitabu, hapo maneno ya wazee wa Tanga na karatasi ya England yamekutana, na sasa una msingi wa kweli. Kama kazi ni kitu kingine usikate tamaa ila usilazimishe, angalia kama kulikuwa na mtoto mwingine wa jina hilo mwaka huo huo.

Halafu ingia kwenye sensa. Uingereza wamehesabu watu kila miaka kumi na daftari zilizofunguliwa zinaanzia 1841 mpaka 1921, kwa hiyo mtoto wa 1893 atakuwemo 1901 akiwa na miaka saba au nane nyumbani kwa wazazi wake, na ndugu zake wote wameorodheshwa. Andika majina ya ndugu hao yote! Utayahitaji baadaye kuliko unavyofikiri. Kisha tafuta ndoa ya wazazi wake, labda miaka ya 1880, cheti cha ndoa kinataja majina ya baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi na kazi zao (mama zao hawakutajwa mpaka sheria ilipobadilika 2021, na hilo limetunyima wanawake wengi sana kwenye koo hizi).

Sasa hapo utakuwa umefika kwa babu wa huyo Mwingereza wako, mtu aliyezaliwa labda 1830 hivi, kabla ya serikali kuanza kuandika. Na hapa kabla hujaenda kanisani kuna sensa moja ambayo naipenda kuliko zote, ya 1851. Ile ya 1841 iliwauliza watu kama wamezaliwa kaunti hiyo au la, na umri wa wakubwa ikaushusha kwenye mafungu ya miaka mitano, yaani mtu wa 44 kaandikwa 40. Ile ya 1851 ikauliza umri kamili na parishi (eneo la kanisa moja) uliyozaliwa. Kwa hiyo mzee wa miaka 75 aliyekuwa hai usiku wa sensa mwaka 1851 anakuambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba alizaliwa parishi fulani kama mwaka 1776. Hiyo ndo inayokuambia ukafungue rejista ya kanisa gani, na Norfolk hilo si jambo dogo maana kaunti ile ina mamia ya parishi na makanisa yanaonana kwa macho. Usije ukashangaa familia uliyodhani ni ya kijiji cha kwenye kitabu cha sala kumbe ilihamia pale 1860 ikitokea maili sita mbele.

Haya tuje kanisani. Rejista zilianza mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, aliamuru kila parishi iwe na kitabu, na kila Jumapili kasisi mbele ya mzee wa kanisa aandike ubatizo, ndoa na mazishi ya wiki nzima. Wengi waliandika kwenye karatasi na karatasi zikaoza, ndo mwaka 1598 chini ya Malkia Elizabeth I ikaamriwa vitabu viwe vya ngozi na yale ya zamani yanakiliwe upya, hasa tangu 1558 alipoanza kutawala yeye. Makasisi wengi wakanakili kuanzia 1558 tu na ya nyuma wakayaacha, kwa hiyo ukiona rejista inaanza 1558 ujue sababu ni hiyo. Amri hiyo pia ikataka kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu, na nakala hizi ni muhimu sana kwako: kitabu cha kijiji kikiliwa na panya au kikipotea, ya askofu inaweza kuwa ipo, na mara nyingine zikiwepo zote mbili hazifanani, moja ina jina la mama nyingine haina. Soma zote mbili.

Ubora wa unachokikuta unategemea mwaka. Kuanzia 1 Januari 1813 kuna fomu zilizochapishwa, ubatizo unaonyesha majina ya baba na mama, mahali wanapokaa na kazi ya baba, na mazishi yanaonyesha umri. Kabla ya hapo kila kasisi alijiandikia anavyoona, mmoja ataandika "John mtoto wa William Clark" akaishia hapo, hata mama hayupo. Bahati yako ni Norfolk, kwa sababu rejista nyingi za kule za miaka ya mwisho ya 1700 mpaka 1812 zinataja jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, kitu ambacho kaunti nyingine wanakililia. Ukifika miaka hiyo nenda taratibu, chukua kila kitu.

Kuna makarani walioandika kwa moyo kabisa. Kule London, parishi ya St Botolph nje ya Aldgate, mwaka 1597 alibatizwa Mary Fillis, binti kutoka Morocco wa miaka kama 20, na karani akaandika kwamba baba yake alikuwa fundi wa vikapu na sepetu, kwamba yeye ana miaka kama kumi na tatu tangu aingie England, na kwamba anamtumikia mama mmoja mshonaji. Mwafrika, mtumishi, tunamjua leo kwa sababu ya mtu mmoja mwenye kalamu ambaye hakutaka kuandika jina tu. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani vitabu hivi ni vya Wazungu peke yao, wakati Waafrika wamo tangu enzi za Elizabeth, London na bandari nyingine.

Turudi kwa wako, hapa sasa ndo penye kazi yenyewe na naomba unisikilize vizuri. Chukua jina la mfano, unamtafuta John Clark aliyezaliwa kama 1776. Unafungua rejista unakuta John Clark kabatizwa 1775, mtoto wa William na Ann. Umefurahi, umeandika, umeshahamia kwa William. Lakini ungegeuza ukurasa ungekuta John Clark mwingine wa 1777, mtoto wa Robert na Mary, na parishi ya jirani yupo wa tatu. Ni kama kuingia Ngamiani pale Tanga ukauliza Juma Hamisi anakaa wapi. Waingereza wa kijijini walikuwa na majina machache sana ya kubatizia, John, William, Thomas, Mary, Ann, Elizabeth, na walirithishana kutoka kwa babu na baba mdogo kama tunavyofanya sisi, kwa hiyo mabinamu watatu wa jina moja na umri mmoja ni jambo la kawaida, sio la ajabu.

Utawatenganishaje? Nenda kwenye mazishi. Hiki ndo kitabu ambacho watu hawakifungui kwa sababu wanatafuta uhai, wanaona mazishi hayawahusu, na ndicho kinachookoa ukoo mzima. Watoto walikufa wengi mno enzi zile. Unapekua mazishi kuanzia siku ya ubatizo mpaka miaka kumi mbele, na unakuta 1776 kazikwa "John mtoto mchanga wa William Clark". Basi yule wa 1775 hakukua, hakuoa, hakuzaa, mtoe. Na hata kama mazishi yamepotea angalia ubatizo wa wadogo zake: kama William na Ann wamebatiza John mwingine 1779, karibu kila mara maana yake ni kwamba wa kwanza alishakufa na jina limerudishwa. Hapo sasa una John wa 1779 wa kuangalia pia, je umri wake kwenye sensa unaruhusu?

Wakibaki wawili hai fuata kila mmoja mpaka kaburini. Nani alioa wapi, watoto wake walipewa majina gani, nani alizikwa baada ya 1813 na umri gani. Angalia wosia wa mababu, mzee mwenye shamba au karakana akitaja kwenye wosia "mjukuu wangu John seremala" umemaliza kazi. Useremala wenyewe mara nyingi ulienda kwa ukoo, baba kwa mwana, kwa hiyo hiyo kazi uliyoambiwa na wazee wako ni uzi wa kushika kila kizazi. Na ikitokea umejaribu yote ukabaki na wawili ambao huwezi kuwatofautisha, andika wawili wote na sababu zako, uishie hapo mpaka karatasi nyingine itokee. Hakuna aibu. Mti mfupi wa kweli nauheshimu kuliko mti mrefu wa kubahatisha.

Kwenye ndoa kumbuka mwaka 1754. Kabla ya hapo watu waliweza kufunga ndoa za ajabu ajabu, kimya kimya, mjini London kuzunguka jela ya Fleet kulikuwa na makasisi wanaofungisha yeyote anayelipa. Sheria ya Lord Hardwicke iliyoanza 25 Machi 1754 ikasema ndoa ni kanisani kwenye parishi, baada ya kutangazwa Jumapili tatu au kwa leseni, isipokuwa Wakweka (Quakers, dhehebu la Kikristo) na Wayahudi, na ikataka fomu yenye sahihi za wanandoa na mashahidi. Kwa hiyo kuanzia hapo unaweza kuona mwandiko wa bibi yako wa miaka 250 iliyopita au alama yake ya X. Linganisha sahihi! Mara nyingine ndo kitu pekee kinachotenganisha John mmoja na mwingine. Mashahidi nao mara nyingi ni kaka, dada, shemeji. Ila akiandikwa "wa parishi hii" usidhani kazaliwa hapo, ni kwamba alikuwa anakaa hapo wakati huo.

Ukivuka kurudi nyuma ya 1752 kuna mtego wa kalenda ambao umewaangusha wengi. Mwaka wa kanisa na serikali ulianza 25 Machi, sio 1 Januari. Kwa hiyo Februari 1710 kwenye rejista inakuja BAADA ya Juni 1710, kwa hesabu yetu ni Februari 1711. Mtu anaona wazazi wameoana Juni 1710 na mtoto kabatizwa Februari 1710, anaandika kwamba mtoto alizaliwa kabla ya ndoa, wakati watu wamekaa miezi minane kihalali kabisa. Wewe andika 1710/11, ndivyo tunavyofanya. Na kabla ya 1733 vitabu vingine ni vya Kilatini, hiyo isikutishe, maneno ni machache yanajirudia, filius ni mtoto wa kiume, filia wa kike, uxor mke, sepultus kazikwa, Gulielmus ni William, Jacobus ni James. Kinachosumbua kweli ni mwandiko wa miaka ya 1500 na 1600, herufi e inageuka kinyume, c inafanana na r, s ndefu inafanana na f. Anza na kurasa za karibuni za parishi hiyo hiyo na urudi nyuma, kufikia 1650 jicho litakuwa limeshazoea majina ya kijiji.

Mashimo yapo pia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya England vilianza 1642, makasisi wengi wakafukuzwa, vitabu vikafichwa au vikaachwa, na mpaka 1660 mfalme aliporudi rejista nyingi zina kurasa tupu. Baadaye, 1783 mpaka 1794, serikali ilitoza kodi ya peni tatu za zamani kwa kila jina linaloingia kitabuni, maskini wakasamehewa (utaona herufi P pembeni), na wapo waliochelewesha kubatiza mpaka kodi ilipofutwa. Kwa hiyo ubatizo sio siku ya kuzaliwa, unaweza kukuta ndugu wanne wamebatizwa siku moja na mkubwa ana miaka tisa. Na kama familia imepotea kabisa kanisani huku sensa inasema walikuwepo, inawezekana walikuwa Wabaptisti, Wamethodisti au Wakweka, vitabu vyao vingi vilikusanywa baada ya 1837 na sasa viko National Archives kule Kew, London.

Kitu kingine, ukikuta mtoto kaandikwa wa nje ya ndoa usifunge daftari. Parishi ndiyo iliyowalisha maskini, hivyo viongozi wake walimsaka baba ili alipe yeye, na mahojiano na hati za malipo viliwekwa kwenye sanduku la parishi pamoja na hati za kumrudisha maskini kwao. Jina la baba ambalo ubatizo umelificha linaweza kuwa limelala humo.

Je utafika miaka ya 1500? Kwa watu wa kawaida rejista haziwezi kukupeleka nyuma ya 1538, na ni parishi chache zenye kitabu cha mwaka ule. Seremala wa kijijini ukimfikisha 1700 kwa ushahidi ni kazi nzuri, 1600 ni bahati kubwa na inatokea. Nyuma ya hapo ni wosia na daftari za mabwana wa ardhi, na hizo zinawasaidia zaidi waliokuwa na chochote.

Kwa vitendea kazi, websaiti ya FamilySearch ni bure na ina rejista nyingi, FreeREG ni bure na imejazwa na watu wa kujitolea, Ancestry na Findmypast ni za kulipia, ila maktaba nyingi za umma Uingereza zinawapa wateja wao Ancestry bure, kwa hiyo kama una ndugu Reading au Birmingham mtume. Indeksi iwe ya kukuonyesha njia tu, fungua picha ya ukurasa wenyewe usome kwa macho yako, na tafuta jina kwa kila tahajia, Clark, Clarke, Clerk, kwa sababu karani aliandika alivyosikia. Usipoteze muda kuwaandikia kanisa la kijijini, vitabu vilivyomalizika vya zaidi ya miaka mia karibu vyote vimehamishiwa kwenye ofisi ya nyaraka ya kaunti, kwako ni Norfolk Record Office pale Norwich, watumie imeili fupi yenye jina la parishi, jina la mtu na miaka, uulize gharama ya kopi.

La mwisho, na hili liko karibu na nyumbani kwako. Yote haya yanaeleza ukoo wa Mwingereza yule, hayaelezi kwamba babu yako ni mwanawe. Kiungo hicho kiko Tanga, sio Norwich. Kama babu yako alibatizwa, ulizia rejista za Waanglikana wa upande wenu, misheni yao ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) ilikuwa na kituo kikubwa Magila karibu na Muheza, uone kama jina la baba liliandikwa. Kama hakubatizwa au alikuwa Mwislamu, kipimo cha DNA cha mzee aliye hai wa kizazi cha juu kabisa, kikikutana na wajukuu wa wale ndugu uliowaandika kwenye sensa ya 1901, kitasema kile ambacho karatasi haikusema. Ndo maana nikakuambia uyaandike majina yao yote. Mzee huyo mpime sasa akiwa na nguvu, akiridhia mwenyewe, cheti cha 1893 kinaweza kusubiri mwezi mmoja.